Emma Anajiona, Lakini Hajioni

Katika toleo lililopita niliwaalika wasomaji wa safu hii wasome sura chache za mwanzo za riwaya ya Emma, iliyoandikwa na Jane Austen wa Uingereza na kutolewa London mwezi Desemba 1815, kisha waniandikie walivyomwona mhusika mkuu kabla hawajasikia neno la mtu mwingine juu yake. Barua zilizonifikia ni nyingi kuliko kurasa nilizopewa, na zaidi ya nusu zimeandikwa kwa hasira. Hasira hiyo imenifurahisha kuliko ambavyo sifa tupu zingenifurahisha, kwa sababu mtu haandiki kwa hasira juu ya kitabu kilichompa usingizi. Nimechagua barua chache na kuzifupisha. Wasiopenda kujua mapema yatakayotokea mbele wawe waangalifu, hasa katika jibu la tatu.

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Nimesoma sura nne, nami nimeishia hapo. Huyu Emma Woodhouse ni binti anayekaribia miaka ishirini na mmoja, hana kazi, hana shida, hana mama wa kumkanya, na baba yake humwona kama malaika. Anajisifu kwamba yeye ndiye aliyemwoza mwalimu wake, ilhali sioni alichofanya. Kisha anamwokota msichana asiye na kwao na kuamua kumfinyanga apendavyo. Nina mabinti wawili wa umri huo, na mmoja wao angezungumza hivyo mbele ya mgeni ningemwita chumbani. Je, mwandishi alikusudia tumchukie? Kama ndivyo, kwa nini nisome sura hamsini zaidi nikiwa na mtu nisiyempenda? (Mama wa mabinti wawili, Tanga)

JIBU: Marahaba, mama. Ulichokiona kipo, wala hukumsingizia mtoto wa watu. Mwandishi alikwisha kuitarajia hasira yako. Mtoto wa kaka yake, aliyeandika kumbukumbu za maisha ya shangazi huyo zaidi ya miaka 50 baada ya kifo chake cha mwaka 1817, anasimulia kwamba Austen alipokuwa akiianza kazi hii alisema kuwa anakwenda kumchukua mhusika ambaye hakuna atakayempenda sana isipokuwa yeye mwenyewe. Kitabu kilipotoka aliandika maoni ya ndugu na marafiki mmoja mmoja, na orodha hiyo imehifadhiwa hadi leo. Ndani yake Fanny Knight, binti wa kaka mwingine na kipenzi cha shangazi yake, ametajwa kuwa hakuweza kumvumilia Emma hata kidogo. Ukimkasirikia Emma, basi, umeketi mkeka mmoja na jamaa za mwandishi.

Hata hivyo, kukusudia msomaji asimpende mtu upesi ni jambo moja, na kukusudia amchukie ni jambo jingine. Rudi katika ukurasa wa kwanza. Mistari michache tu baada ya kumsifu, msimulizi anataja waziwazi madhara mawili ya hali ya Emma: kwamba ana uwezo wa kufuata matakwa yake kupita kiasi, na kwamba ana tabia ya kujidhania mwema kidogo kuliko alivyo. Kasoro haikufichwa uvunguni, imewekwa sebuleni. Nawe unajua, mama, kwamba muuzaji anayekuonyesha mwenyewe nazi iliyooza huenda hana nia ya kukudanganya juu ya nazi, bali angependa usiitazame mizani. Katika sura hii mizani ni ile jioni yenyewe, nayo wasomaji wengi huipita mbio kwa sababu wameshughulika na majisifu ya binti.

Itazame jioni hiyo. Bi Taylor, aliyeishi katika nyumba ya akina Woodhouse miaka 16, kwanza kama mwalimu wa watoto na baadaye kama rafiki, ameolewa asubuhi na Bwana Weston na kuhamia nyumbani kwa mumewe huyo, umbali wa nusu maili. Mama yake Emma alifariki zamani, hata binti anamkumbuka kwa ukungu tu, na dada yake Isabella ameolewa London, maili 16 kutoka kijijini. Aliyefiwa na mwenzi wake wa kuzungumza naye jioni hiyo, kama naweza kulitumia neno hilo kwa harusi, ni Emma. Baba yake anasinzia baada ya chakula kama ilivyo kawaida yake, na hapo ndipo binti anapata nafasi ya kukaa na huzuni yake. Mzee anapozinduka huzuni hiyo inalazimika kuondoka, kwa maana sasa ni zamu ya baba kulalamika. Anamhurumia bibi harusi kana kwamba amezikwa, anaona nusu maili ni safari isiyowezekana, na angetamani pasiwe na mtu wa kuoa wala kuolewa duniani. Emma hamkemei, hanuni, wala hamwambii kwamba aliyepotelewa ni yeye. Anatabasamu, anamjibu neno kwa neno, anatandaza mchezo wa dadu ili usiku upite. Bwana Knightley, jirani na rafiki wa zamani wa nyumba hiyo, anapofika na kugusia kasoro zake, Emma anayageuza maneno yale kuwa utani ili mzee asije akadhani kwamba kuna mtu asiyemwona binti yake kuwa mkamilifu. Binti mwenye kiburi kitupu hafanyi hayo. Nimeisoma sura hii mara nyingi, na ni katika usomaji wa tatu au wa nne tu nilipoona ni kazi kubwa kiasi gani anayoifanya pale kwa utulivu, bila mtu kumsifu, hata yeye mwenyewe, ambaye kwa mambo mengine hujisifu bila kuombwa.

Majisifu yenyewe ni ya kuchekesha zaidi kuliko ya kuudhi. Anadai kwamba aliipanga ndoa ya Bi Taylor tangu miaka minne iliyopita, siku mvua ya rasharasha ilipowakuta njiani na Bwana Weston akakimbia kuwaazimia miavuli miwili kwa mkulima wa jirani. Miavuli miwili! Kwa ushahidi huo Emma amejipa cheo cha mshenga. Bwana Knightley anamjibu kwamba alibahatisha, basi, na Emma anadai kwamba hata kubahatisha vizuri kunahitaji kipaji. Kisha anatangaza kwamba sasa atamtafutia mke Bwana Elton, kasisi wa kijiji. Mshenga wa kwetu hutumwa, naye hubeba maneno ya watu waliokwisha kupendana au wazee waliokwisha kukubaliana. Emma hakutumwa na mtu yeyote. Anawasemea wengine yaliyomo mioyoni mwao, na wakati huohuo yaliyomo moyoni mwake hayajui na hatayajua mpaka kitabu kikaribie kwisha. Wahenga walimsema zamani waliposema kwamba kinyozi hajinyoi.

Kiswahili kimetupa neno linalomfaa kuliko kiburi, majivuno au maringo, nalo ni kujiona. Emma anajiona, lakini hajioni. Anajiona kuwa mwenye jicho kali, na kweli jicho lake ni kali, ila limetazama nje tu.

Sasa niruhusu nikuoneshe kitu katika ile sura ya nne uliyoishia, maana nadhani umeifunga kurasa chache mapema. Emma na Harriet Smith, yule msichana wa miaka 17, wanatembea njiani na kukutana na Robert Martin, mkulima kijana ambaye Harriet anampenda. Harriet na Martin wanazungumza kwa dakika chache, na Emma anasogea hatua kadhaa mbele ili amchunguze vizuri. Dakika hizo zinamtosha. Anakiri kwamba kijana ni nadhifu na anaonekana kuwa na busara, lakini sura hana, adabu za kiungwana hana, na hukumu imekwisha kutolewa. Mtu mzima mwenye shamba, mama na dada zake amepimwa na kutupwa kwa muda usiotosha kuchemsha chai. Mara ya kwanza niliposoma ukurasa huo nilimkasirikia Emma sana. Mara ya pili niliona haya, kwa sababu nami nilikuwa nimemhukumu yeye kwa sura tatu, kwa ukali uleule na kwa kujiamini kulekule. Nakusihi uendelee kusoma, mama. Si lazima umpende hata ufikapo mwisho, lakini huyo uliyemkuta katika sura ya kwanza hutamkuta katika ya mwisho, na utashindwa kusema ni ukurasa gani hasa alipobadilika yeye, na ni ukurasa gani ulipobadilika wewe.

SWALI: Ndugu Mwandishi, mimi ni mwanafunzi wa tafsiri. Nimejaribu kuiweka sentensi ya kwanza ya Emma katika Kiswahili, nami nimekwama kwenye maneno matatu ya mwanzo ya kumsifu. Nimeandika «mrembo, mwerevu na tajiri», na mwenzangu ananiambia kwamba yote matatu si sahihi. Nani kati yetu amekosea? (Mwanafunzi, Unguja)

JIBU: Neno la kwanza umekosea, la pili umepatia kuliko unavyojua, na la tatu lina mgogoro wake.

«Mrembo» lina harufu ya urembo, yaani hina, wanja, kioo na muda uliotumika mbele yake. Emma hayuko hivyo. Katika sura ya tano Bwana Knightley, ambaye hana desturi ya kumpamba, anasema kwamba kwa uzuri alio nao Emma anaonekana kutoushughulikia sana, na kwamba majivuno yake yanaelekea upande mwingine. Austen alichagua neno la uzuri wenye heshima na siha, ambalo siku zile lingeweza kutumiwa hata kwa mwanamume au kwa nyumba. Andika «mzuri» na uliache hivyo hivyo. Neno letu hilo nalo linaenea kwa watu na kwa nyumba, na ufupi wake unafaa.

«Mwerevu» mwenzako ameliogopa, bila shaka, kwa sababu linaweza kumaanisha mtu mwenye akili na pia mtu mjanja anayejua kupindisha mambo. Angependa uandike «mwenye akili». Mimi ningelitetea la kwako kwa sababu ileile anayolikataa. Emma ana akili, hakuna ubishi, lakini ni akili iliyozoea kucheza, haijazoea kufanya kazi. Bwana Knightley anasimulia kwamba tangu akiwa na miaka 12 amekuwa akikusudia kusoma zaidi, na kwamba ameziona orodha zake nyingi za vitabu vya kusomwa, zilizochaguliwa vizuri na kupangwa vizuri, mara kwa herufi, mara kwa utaratibu mwingine. (Nami ninazo orodha kama hizo, na nadhani wasomaji wengi wa safu hii wanazo.) Picha alizochora zimelala nusunusu. «Mwerevu» linabeba sifa na onyo kwa pamoja, na bahati ya namna hiyo mtafsiri haipati kila siku.

«Tajiri» kwa Waswahili ni mwenye mali, lakini pia ni mwenye biashara na hata mwajiri, kama mtu asemavyo «tajiri wangu ameniita». Akina Woodhouse hawafanyi biashara, na kijijini kwao watu waliotajirika kwa biashara, kama akina Cole, hutazamwa kutoka juu, na Emma ni mmoja wa wanaowatazama hivyo. Kwa maana hiyo «mwenye mali» ni salama zaidi. Tatizo ni mdundo. Katika sentensi ya asili maneno haya ni mafupi na yanafuatana kama mapigo ya ngoma, na ukiingiza «mwenye» mdundo unachechemea. Ningechagua mdundo, na kuwaachia wasomaji wagundue wenyewe suala la biashara akina Cole watakapofanya karamu yao. Jaribio langu ni hili: «Emma Woodhouse, mzuri, mwerevu, tajiri, mwenye maskani ya raha na moyo mchangamfu, alionekana kukusanya baadhi ya neema bora za maisha, na alikuwa ameishi duniani karibu miaka ishirini na mmoja bila mengi ya kumsikitisha wala kumuudhi.»

Chunga sana hilo «alionekana», usilifanye «alikuwa amekusanya». Sentensi nzima imeninginia hapo. Kiswahili hata kinamsaidia mwandishi, kwa kuwa kitenzi chenye umbo la kutendeka kinamfanya msikilizaji aulize alionekana na nani. Jibu ni kijiji kizima cha Highbury, na baba yake, na yeye mwenyewe. Umri nao usiubadilishe kuwa «ishirini na kitu», kwa maana katika sheria ya Uingereza ya wakati ule mtu alihesabiwa kuwa mtu mzima alipotimiza miaka 21, na binti huyu tunamkuta mlangoni, kabla tu hajavuka.

SWALI: Ndugu Mwandishi, salamu nyingi. Kwa maoni yangu mtu pekee mwenye akili timamu katika kitabu hiki ni Bwana Knightley, na mwandishi amemweka pale atusemee sisi. Je, si kweli? (Msomaji mwanamume, Mombasa)

JIBU: Salamu nimezipokea. Ni kweli kwa sehemu, na kosa lako ni la heshima kwa sababu Knightley mwenyewe angelifurahia. Msimulizi anatuambia mapema kwamba alikuwa mmoja wa watu wachache walioweza kuona kasoro za Emma, na wa pekee aliyewahi kumwambia. Ana miaka 37 au 38, ana ardhi, anajua bei ya mazao, na anapomwambia Emma amwalike kasisi chakula cha jioni lakini amwachie achague mke mwenyewe, ni vigumu kumpinga.

Lakini msome tena katika sura ya 18. Frank Churchill, kijana anayesubiriwa na kijiji kizima, bado hajafika, na Knightley hajamwona hata siku moja. Hilo halimzuii kumhukumu kwa ukali hadi Emma anashangaa, maana hajawahi kumjua kuwa mtu wa kudhulumu wengine katika fikra zake. Msomaji akishangaa pia, ameshika uzi ambao Emma aliuacha. Baadaye, Frank amekwisha kufika, siku moja anapanda gari la farasi kwenda London na kurudi, maili 32 kwa jumla, eti kukatwa nywele. Emma anaona ni upuuzi wa kijana mpenda makuu. Knightley, nyuma ya gazeti lake, ananung'unika kwamba kijana ni yuleyule mpuuzi aliyemdhania. Wote wawili wameona nywele, na hakuna aliyeona kinanda kikubwa kilichonunuliwa London na kufikishwa kimyakimya nyumbani kwa bibi yake Jane Fairfax, msichana ambaye Frank amemchumbia kwa siri. Mwandishi ametuonesha safari na kinanda katika sura zinazofuatana, akatuacha tufanye hesabu wenyewe, nasi kwa kawaida hatuifanyi.

Kwa hiyo Knightley anamwona Emma vizuri kuliko wengine wote, ila wivu unapomwingia anaona kama wengine wote. Hata kinyozi wa London katika kisa hiki ana siri zaidi yake.

SWALI: Nimesoma sura kumi na sioni kinachotokea. Watu wanatembeleana, wanakula, wanarudi nyumbani. Kisa kiko wapi? (Msomaji, Dodoma)

JIBU: Maria Edgeworth, mwandishi mashuhuri wa siku zile, alipelekewa nakala kwa niaba ya Austen mwenyewe, akalalamika kwamba kitabu hakina kisa, isipokuwa kwamba kwa maoni ya babake Emma uji mwepesi uliolainika ni kitu kizuri sana, na ni shida kumfanya mpishi aelewe maana ya uji mwepesi uliolainika. Alikiacha baada ya juzuu ya kwanza. Kama hata uji wa mzee Woodhouse haujakuchekesha, huenda kitabu hiki si chako, na hilo si dhambi. Kama umekuchekesha hata kidogo, endelea mpaka sura ya 15, pale kasisi anapojikuta peke yake na Emma katika gari usiku wa theluji.

SWALI: Dada, mimi ni tofauti na wengine, kwani nimempenda Emma tangu mstari wa kwanza. Katika sura ya kumi anasema wazi kwamba hana haja ya kuolewa. Mwanamke wa mwaka 1815 kusema hivyo si ushujaa? Kwa nini watu wanamwita mwenye kiburi, wakati mwanamume angesema hivyo angeitwa mwenye msimamo? (Mhasibu, Nairobi)

JIBU: Nimefurahi kupata barua yako, nilianza kudhani nimebaki peke yangu. Swali lako la mwisho lina haki yote, na sitalijibu kwa kuwa umekwisha kulijibu. Kwenye la kwanza, kwa kuwa wewe ni mhasibu, hebu tufungue daftari.

Emma anamweleza Harriet sababu zake: mali anayo, shughuli anayo, heshima anayo, na ni wake wachache wenye mamlaka katika nyumba za waume zao hata nusu ya aliyo nayo yeye katika nyumba ya baba yake. Harriet anashtuka na kumtajia Bi Bates, mwanamke mwema na mwenye maneno mengi ambaye hakuolewa, anayeishi na mama yake mzee, mjane wa kasisi wa zamani, katika ghorofa ya nyumba ya watu. Emma anamjibu bila kusita kwamba kinachofanya useja udharauliwe ni umaskini tu. Fungu la Emma ni pauni 30,000. Kwa faida ya asilimia 5 fedha hizo zingezaa pauni 1,500 kila mwaka bila yeye kunyanyua mkono. Ushujaa wa aina hii una akiba benki.

Mweke kando yake Jane Fairfax, msichana wa rika lake, mwenye kipaji cha muziki kilicho halisi na vitabu alivyovisoma badala ya kuviorodhesha, lakini asiye na fungu. Yeye anasubiri kwenda kuwa mwalimu katika nyumba za watu, na anapozungumzia ofisi za kutafutia kazi hiyo anaziita mahali pa kuuzia akili za watu, kama si miili yao. Uingereza ilikuwa imeipiga marufuku biashara ya watumwa mwaka 1807, miaka 8 tu kabla ya kitabu, na Bibi Elton, mke wa yule kasisi, anayemsikiliza Jane na ambaye kwao ni Bristol, bandari iliyonenepa kwa biashara hiyo, anaruka haraka kujitetea ingawa hakuna aliyemtaja. Jane hasemi kwamba hana haja ya kuolewa. Hana uwezo wa kusema hivyo.

Hayo hayamwondolei Emma sifa uliyompa. Wenye mali walikuwa wengi, na wengi wao waliolewa na mtu wa kwanza aliyepiga hodi kwa sababu hawakuwahi kujiuliza. Emma alijiuliza. Ila kujiamini kwake kumesimama juu ya sakafu ambayo hakuijenga, naye haiangalii sakafu hiyo mpaka siku ile ya matembezi ya kilima cha Box Hill, anapomtania Bi Bates mbele ya watu kwamba atashindwa kusema mambo matatu tu ya kipuuzi kwa mara moja. Bi Bates anaelewa polepole, anatahayari, na hakasiriki. Knightley anapomkemea Emma kando ya gari, hoja yake imehusu fedha kwanza: angekuwa mwenye uwezo sawa na wako, asema, nisingegombana nawe kwa neno hilo. Ni maskini, ameshuka kutoka katika raha alizozaliwa nazo, na akiishi hadi uzeeni atashuka zaidi. Emma analia karibu njia nzima hadi nyumbani. Ungekuwa pamoja naye katika gari lile, dada, nadhani ungempenda zaidi kuliko ulivyompenda katika mstari wa kwanza.

SWALI: Nakala niliyoazima sura zake zinahesabiwa moja hadi kumi na nane, kisha zinaanza upya moja. Je, imeharibika kiwandani, au kuna kurasa zilizochanganywa? (Msomaji, Iringa)

JIBU: Haijaharibika. Riwaya hii ilitoka kwanza katika juzuu tatu, za sura 18, 18 na 19, na matoleo mengine hufuata hesabu hiyo hadi leo, wakati mengine huzihesabu moja kwa moja hadi 55. Sura nilizozitaja hapa nimezitaja kwa hesabu ndefu. Matembezi ya Box Hill, ambayo ni sura ya 43, utayapata wewe katika sura ya 7 ya juzuu ya tatu.